Dakika za Pai ya Glenda

Miaka kumi na tisa Glenda Ackroyd alipika pai ya nyama kwenye kantini ya kiwanda cha mazulia pale mjini Batley, na haikuwahi kubaki hata moja. Kisha ofisi ikaleta lebo. Kila chakula kilitakiwa kionyeshe mtu atembee muda gani ili kiishe mwilini. Sandwichi ya kuku, dakika ishirini na sita. Pai, tisini na nne.

Wiki ya kwanza zikabaki pai kumi na moja. Watu waliinama, wakasoma, wakamkwepa macho. Ilimuuma Glenda kama matusi. Jumatatu, kabla mlango haujafunguliwa, akachukua lebo ya akiba ya sandwichi akaibandika juu ya ile ya pai. Kufika saa saba mchana, pai zilikuwa zimekwisha.

Aliyefurahi kupita wote ni Wilf Sugden, fundi wa mitambo, ambaye moyo ulimlaza hospitali wakati wa Krismasi. Huyo ni mtu wa kufuata maandishi. Alikula pai yake kila siku, akavaa kofia, akazunguka uwanja wa kiwanda dakika ishirini na sita kamili, hata kwenye mvua.

"Glenda mpenzi, umeniokoa," alimwambia. "Daktari alitaka nile majani kama sungura."

"Kula basi, mzee, usinijazie foleni."

Roho ilimsuta kidogo, akaipuuza.

Mwezi Machi Wilf akaja amenywea.

"Nimeongezeka kilo nne. Daktari anasema namdanganya. Sijamdanganya, Glenda, nimetembea hata siku ya theluji." Akapunguza sauti. "Nadhani ni mwili wangu tu umeharibika. Anasema nikiendelea hivi, moyo hautahimili mara ya pili."

Aibu ilimpanda Glenda mpaka masikioni. Nyuma ya Wilf walisimama watu kama ishirini. Angeweza kungoja waondoke, lakini alijijua vizuri: akingoja, hatasema.

"Si mwili wako, Wilf. Ni mimi." Akaibandua lebo ya juu. "Tisini na nne. Niliificha kwa sababu watu waliacha kuzinunua. Nilikuona unazunguka kwenye mvua, nikanyamaza."

Watu wa kule hawagombani kwenye foleni; wote wakatazama trei zao. Glenda alitamani mtu amtukane, angalau apate la kujibu.

Wilf aliisoma ile namba, akaisoma tena. Kisha akairudisha pai aliyokuwa ameishika mahali pake, taratibu, ukingo usije ukavunjika.

"Samahani, Glenda," akasema. "Sikujua lebo zile zilikuumiza kiasi hicho."

Akachukua sandwichi, akasogea kumpisha aliyekuwa nyuma yake, na Glenda akashindwa kumtazama.