Siku za Kungoja

"Weka sifuri," Kamlesh alisema, kikombe cha chai mkononi. "Mambo yaishe."

Sereima hakuiweka. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, yalijipanga majina ya wazee mia sita wa visiwani, na kando ya kila jina tarehe ambayo muuguzi alimtembelea mara ya mwisho. Miaka yote wauguzi walikuwa wakihesabu siku kwa vidole, wakitazama kalenda ya ukutani, ili wajue nani amengoja zaidi. Asubuhi ile Sereima alizama chini ya ripoti zenyewe, pale ambapo kila safu hupewa jina na maana yake, akaongeza safu mpya inayojikokotoa: tarehe ya leo, ondoa tarehe ya mwisho. Ikiandikwa pale mara moja, ripoti zote zinaipata, kuanzia mjini Suva hadi kisiwa cha mbali cha Rotuma.

Ilikubali kwa wote, isipokuwa watu kumi na mmoja. Hao hawakuwa na tarehe yoyote. Kompyuta iliwaachia nafasi tupu, ikawatupa mkiani mwa orodha.

"Sifuri maana yake wametembelewa leo, bosi."

"Basi waache hivyohivyo. Ni makosa ya uandikishaji tu, Seri."

Huenda. Lakini jina moja, Vilimone Rokotui wa kisiwa cha Beqa, halikumtoka akilini. Alhamisi, muuguzi Asenaca alipokuwa akienda kisiwani humo, Sereima aliomba nafasi kwenye boti.

"Mtu wa kompyuta wewe, utatapika!" Asenaca alimcheka.

"Nitatapikia upande wako, dada."

Alitapika kweli, mara mbili.

Mzee Vilimone walimkuta mlangoni, mguu umevimba, umezongwa kipande cha sulu kuukuu, kitambaa cha kujifunga kiunoni. Asenaca alisimama ghafla.

"Mungu wangu! Nyumba hii nimekuja miaka mitatu."

Alikuwa akija kumtibu Losana, mke wa mzee, hadi alipofariki mwaka jana. Na kila alipokuja, mzee huyu ndiye aliyempokea na kumshikia beseni.

"Mbona hukusema, babu?"

"Ulikuja kwa ajili ya Losana. Ningedandia zamu ya mke wangu?" Mzee alitabasamu. "Siku ya kuandikishwa tuliandikwa sote wawili. Nikajua yangu itafika."

Sereima alipiga magoti, akashika beseni, akauinua mguu wa mzee na kuutia ndani. Mguu ule ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa moto. Akajikuta hathubutu kuinua uso.

"Na wewe ni muuguzi?" mzee alimuuliza.

"Hapana, babu. Mimi ndiye ninayetengeneza orodha."

Mzee alimsogezea sahani. "Basi kula mhogo kwanza."

Jumatatu Sereima aliirudia safu yake, akaipa sharti: kama hakuna tarehe ya kutembelewa, hesabu tangu siku mtu alipoandikishwa. Mzee Vilimone sasa alikuwa na tarehe yake; majina kumi yaliyobaki yalipanda kutoka mkiani hadi kileleni, moja likiwa na siku elfu moja mia sita na tatu. Chini ya safu palikuwa na kisanduku cha kueleza maana yake, ambacho kila msomaji wa ripoti angekiona. Akaandika: *Siku ambazo mtu huyu ametungoja.*

Kamlesh aliinama begani kwake, akasoma.

"Ofisi haiandiki namna hii, Seri."

"Najua, bosi."

Kamlesh akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kufutia. Kikabaki hewani. Alisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Halafu akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Hawa kumi," alisema, "wako visiwa gani?"