Mstari wa Dada

Nilipokigeuza huku na huku kitambaa alicholeta binti yangu kutoka dukani kwao, nikaukosa mstari, damu ilinichemka.

"Mstari uko wapi?" nilimuuliza.

"Nimeuondoa, mama. Ulikuwa unaharibu sura."

Binti yangu anafanya kazi katika duka la kumbukumbu lililofunguliwa ndani ya kiwanda chetu cha zamani cha nguo. Pale tulipofuma mpaka masikio yakaziba, siku hizi wanauza vikombe na picha za bomba la moshi. Alikipiga picha kitambaa changu cha ukutani, wakatengeneza nakala zake, kisha wakazibandika karatasi: Kumbukumbu ya siku za furaha kiwandani.

Furaha! Ningekuwa na meno yote ningeitafuna ile karatasi.

Kitambaa changu kina miraba ya buluu, na katikati kimekatizwa na mstari mzito, mbaya. Mashine ya kufumia ikizimwa ghafla kisha ikawashwa tena, huacha kovu la namna hiyo. Siku kilipofumwa, dada yangu, aliyesimama kwenye mashine ya jirani na yangu, alianguka kwa joto. Msimamizi akatuonyesha kwa mkono tumruke tu, kazi isilale.

Mle ndani mngurumo ulimeza kila sauti, kwa hiyo tulizoea kusemezana kwa midomo mitupu. Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Bi Kimya kwa sababu hajui kunyamaza, alitutazama akaunda neno moja: zima. Tukazima, ukumbi mzima. Kimya kingi kina mshindo, na msimamizi aliusikia.

Dada hakuamka tena. Vitambaa vya siku ile vyote vilitoka na mstari, wakaguzi wakavikataa, nasi tukagawana. Wengine hutundika picha ya marehemu wao. Mimi nina mstari, na ninamlilia dada yangu kila ninapoupangusa vumbi.

"Wageni wanakuja kufurahi, mama," binti yangu alisema. "Hawaji matangani."

"Basi wauzieni pipi."

"Jamani, mama! Kwani mimi simpendi mama mkubwa? Meneja ndiye kasema kasoro haiuziki." Akashusha sauti. "Na Jumamosi anawataka ninyi wafumaji wa zamani mje muwashe ile mashine moja iliyokarabatiwa. Mfume kidogo, watu wapige picha. Tafadhali, usinitie aibu."

"Nitakuja," nilimjibu, naye akanikumbatia. Nimemzaa mwenyewe na bado hanijui.

Jumamosi meneja alituvalisha aproni mpya, akatupanga kama vyombo kabatini. Mimi aliniweka kwenye mashine, Bi Kimya upande wa pili. Wageni walijaa na simu zao juu. Nikawasha.

Mngurumo ulipanda. Meneja aliendelea kuhutubia, maskini, akifungua na kufumba mdomo bila mtu kumsikia. Miraba ya buluu ikaanza kutoka, safi, haina hata doa. Mikono yangu haikuwa imesahau chochote, na hilo lilinitia uchungu zaidi.

Bi Kimya alinitazama kutoka ng'ambo. Akauliza kwa midomo: tunamruka?

Nikamjibu kwa midomo: hatumruki.

Nikazima.

"Imeharibika?" meneja alishtuka.

"Nzima kabisa. Nimeizima mimi."

Nikageukia wageni, nikawaonyesha sakafu, pale pale alipoangukia dada yangu. Niliwaeleza yote, sauti juu, maana sisi viziwi wa kiwanda hatujui kunong'ona. Simu zikateremka moja moja. Nilipomaliza nikawasha mashine tena, nikafuma shibiri mbili. Mstari ukatoka, mzito, mbaya, ule ule wangu.

Meneja alijikaza kutabasamu. Akampa binti yangu mkasi. "Kata hiyo kasoro, itupe. Tuanze upya."

Binti yangu aliupokea. Aliutazama mstari, akaupapasa kwa kidole. Nilitaka kusema naye, lakini sauti haikutoka. Midomo tu ndiyo iliyocheza, na yeye sikumfundisha kuisoma.

Akakata. Alikata mbali juu ya mstari, kisha mbali chini yake, ukabaki katikati ya kitambaa. Akaenda nacho mlangoni mwa duka, akashusha nakala iliyotundikwa pale, ile aliyoiondolea mstari yeye mwenyewe, akatundika hiki.

"Sasa huo uchafu nani atanunua?" meneja alimfokea.

"Hakiuzwi," alisema binti yangu, mkasi bado mkononi.