Lango la Kipanga

Nchi ya Twiga ilikuwa na utaratibu wake. Twiga aliona mbali kwa niaba ya wote, Kanga alipima macho, Kipanga aliyapasua kwa kisu kuyatibu. Na langoni kwa Kipanga, kila mgonjwa aliapa kwamba hajapimwa na yeyote. Aliyemtaja Kanga alirudishwa. Basi watu wazima na akili zao waliapa uongo, wakaingia, wakapimwa upya, maisha yakaendelea.

Digidigi, mlinzi wa malisho, alipokuja kupimwa, Kanga aliweka miwani kando.

"Shoga, hili si la miwani. Presha ya macho imepanda, na pembeni umeanza kupoteza uoni. Ukipotea haurudi. Wahi kwa Kipanga."

"Langoni niseme nini?"

Kanga alijua jibu. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Ugonjwa augundue yeye, sifa apewe Kipanga, kila mwaka.

"Sema kweli. Sema Kanga ndiye aliyekutuma."

Digidigi akasema kweli, akarudishwa.

Kanga akapanda kwa hasira hadi barazani kwa Twiga, Kipanga naye akaitwa. "Mtukufu, mimi nigundue, mwenzangu atibu. Ubaya uko wapi?"

"Leo nimpokelee mgonjwa," Kipanga akajibu, "kesho atadai kisu changu. Abaki na miwani yake."

Twiga aliwasikiliza kwa raha zote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wawili hawa wakipatana, wangeanza kutazama pamoja uzio wake uliokuwa ukimega malisho ya umma.

"Hoja zenu ni nzito mno," akasema. "Tutaunda kamati."

Kamati ikaundwa, ikala, ikabishana nani akae kulia kwa nani, ikavunjika, ikaundwa nyingine. Muda wote huo Kanga angeweza kumwendea Digidigi na kumwambia, apa tu, mwenzangu, uingie. Hakwenda. Alitaka kwanza ashinde.

Mvua zilipokatika, fisi walipita upande ambao Digidigi hakuuona tena. Alichosikia ni mlio wa mwanawe, basi.

Kanga na Kipanga walifika msibani kila mmoja kwa njia yake. Digidigi alikuwa ameketi, macho wazi, hayaoni hata mwanga wa mlangoni.

"Laiti angeapa," Kipanga akanong'ona.

"Laiti ungempokea," Kanga akamjibu. Sauti zikapanda palepale, mbele ya wafiwa, kisu changu, mgonjwa wangu.

Digidigi akageuza uso huku na huku.

"Jamani," akasema, "mmekaa wapi? Nawasikia tu."