Kitufe cha Kwanza

Jumamosi asubuhi, vyombo vya chai vilipokwisha kuoshwa, Shangazi alipanda ngazi ya mbao ndani ya gereji ya mdogo wake, akaweka kidole gumba juu ya kitufe chekundu kilichokuwa ubavuni mwa mota, akasubiri kuambiwa abonyeze. Mota ilikuwa mpya, imefungwa darini jana yake. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva na kitabu cha maelekezo mapajani. Mdogo wake Shangazi, mwenye nyumba na mwenye gari, alisimama kando ya ngazi, mikono mfukoni.

Nyumba nzima ilimwita Shangazi, hata wale ambao hakuwa shangazi yao. Alikuja kukaa hapo baada ya ndoa yake kuvunjika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakupewa jembe, alipewa mlango. Ulikuwa mlango wa bati nene wa kuinua, na ulikuwa na tabia zake. Ulishikwa chini, usawa wa magoti, ukapandishwa hadi kiunoni, na hapo ukagoma kidogo. Ndipo mtu aligeuza viganja na kuusukuma hadi juu ya kichwa. Mdogo wake alipiga honi mara mbili akifika, na hakupenda kupiga ya tatu. Miaka tisa Shangazi alikuwa ameacha chapati nusu, nywele nusu zimesukwa, sala nusu, ili honi ya tatu isisikike.

Kisha binti yake, aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, akajifungua. Mume wake alikuwa kazini ng'ambo, na binti alimtaka mama yake. Shangazi alipoomba ruhusa, mdogo wake aliuliza swali moja tu: nani atafungua? Baada ya kulifikiria alitoa ahadi. Atanunua mota, na mota ikifungwa, dada yake yu huru. Mtoto alitoka kitovu, akacheka, akaanza kukaa mwenyewe bila mto. Begi la Shangazi lilisimama nyuma ya mlango wa chumba chake tangu kitovu. Binti alikuwa ameacha kuuliza mama anakuja lini. Siku hizi aliuliza tu kama mota imefika.

Gari lilikuwa na vitufe vitatu juu ya kioo cha ndani, vya kufungulia milango bila kushika rimoti. Fundi alieleza kwamba kazi ina hatua mbili. Kwanza gari hujifunza kutoka kwa rimoti. Alisogeza rimoti karibu na kitufe cha kwanza, akabonyeza rimoti na kitufe hicho kwa pamoja, mpaka taa ndogo iliyokuwa ikipepesa polepole ikaanza kupepesa haraka. Hiyo ilikwisha. Pili, mota lazima ilitambue gari. Mtu mmoja hubonyeza kitufe chekundu darini, na kabla taa ya mota haijazimika, mwingine hubonyeza kitufe ndani ya gari. Mwenye nyumba hakupanda ngazi.

"Bonyeza, mama," fundi alisema.

Shangazi akabonyeza. Taa ya mota ikawaka. Fundi akabonyeza kitufe cha kwanza, na taa ikazimika. Mota haikutoa sauti. Mikono ya Shangazi iliachana na mota, ikashuka hadi magotini, ikakunja vidole, ikapanda hadi kiunoni, ikasita, ikageuza viganja na kusukuma juu. Ngazi iliyumba. Mdogo wake aliikanyaga kwa mguu mmoja, ikatulia. Mbele yao mlango ulikuwa umepanda hadi kiunoni, ukagoma, ukaendelea, na mwanga wa asubuhi ukaingia hadi kwenye matairi.

Fundi alitazama mnyororo wa mota. Haukuwa umesogea.

"Imeshika," alisema. "Ila haikushika kwenye mota. Imeshika kwa mama."

Alibonyeza tena, na mikono ya Shangazi ikashuka, na mlango ukashuka. Akabonyeza mara ya tatu kwa kuhakikisha. Fundi alisema jambo hilo aliwahi kuliona kwenye ghala moja, ambako mlinzi alikuwa amefungua lango kwa muda mrefu kuliko umri wa lango lenyewe. Kitufe hutafuta kinachofungua, na mota ilikuwa na siku moja tu kazini. Dawa yake iko kitabuni. Vitufe viwili vya pembeni hubonyezwa pamoja bila kuachiwa, mpaka taa ipepese haraka, na gari husahau kila kitu lilichofundishwa. Halafu kazi huanza upya, na safari hii ngazi apande mtu mwingine.

"Lisahau vyote vitatu?" mdogo wake aliuliza.

"Vyote, bosi. Halifuti kimoja kimoja."

Kitufe cha pili kilifungua lango la ofisini kwake na cha tatu maegesho ya klabu. Alikuwa amewabembeleza walinzi wa sehemu zote mbili wampandie ngazi, na hakuwa tayari kuwabembeleza tena. Alimuuliza fundi kama mlango unafunguka au haufunguki. Fundi alijibu kwamba unafunguka.

"Basi," alisema.

Shangazi alishuka. Aliomba jambo moja, apelekwe mbali kidogo, waone. Walitembea hadi duka la kona, wifi yake, mke wa mdogo wake, akibaki garini na kidole juu ya kitufe. Mikono ya Shangazi ilipanda mbele ya friji ya soda, na kutoka kona ile walisikia mlango ukigoma katikati na kuendelea. Fundi alisema kitabu kinataja umbali wa rimoti, lakini hakitaji umbali wa mtu.

"Kwa hiyo naweza kwenda," Shangazi alisema.

Mdogo wake alitafuta sababu na hakuipata. Kabla hawajaachana, fundi, ambaye hakupenda kuacha ukurasa, aliwasomea maneno ya mwisho ya kitabu: gari likibadili mmiliki, vitufe vifutwe kwanza.

"Umesikia?" Shangazi alimuuliza mdogo wake.

"Nimesikia, dada."

Jumatatu akapanda basi. Katikati ya safari mikono yake ilipanda, na kondakta akadhani anaomba kushuka. Jioni wifi yake alipiga simu kusema kwamba mlango umefunguka vizuri, ila mchana ulichelewa kidogo. Shangazi alisema kiti chake kilibana.

Kwa binti yake chumba kilikuwa kimoja na jiko la gesi mlangoni. Siku ya pili alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, mkono mmoja chini ya shingo yake, mwingine ukimwagia maji. Huko alikotoka, mdogo wake alikuwa amesahau miwani na kurudi nyumbani saa ambayo hakuzoea. Mikono ilimwachia mtoto. Ilishuka magotini, ikapanda. Shangazi alimtazama mjukuu wake akizama huku mikono yake mwenyewe ikiwa juu ya kichwa, na hakuweza kuishusha, aliita tu. Binti aliruka kutoka jikoni, akamnyanyua mtoto kwa mguu. Mtoto alikohoa, akalia, akawa mzima.

Usiku ule Shangazi alimpigia mdogo wake. Hakumlaumu. Alimweleza kuhusu beseni, akamwomba awe anamtaarifu kabla ya kubonyeza, hata kwa kumbipu tu.

"Dada," mdogo wake alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "kama ni kupiga kwanza, si ningebaki na honi?"

Basi wakapanga wenyewe. Binti ndiye aliyemwogesha mtoto. Shangazi hakushika sufuria ya moto, wala kisu, wala kikombe kilichojaa. Mtoto alimbeba mgongoni tu, kwa mbeleko iliyofungwa mafundo mawili, jinsi alivyombeba mdogo wake zamani mama yao alipokuwa sokoni. Mikono ikiwa wazi, haikumdhuru mtu. Asubuhi na jioni alisimama katikati ya chumba, akasubiri, akainama, akainua, na mtoto mgongoni akacheka kwa sababu alipanda naye. Jirani alidhani ni mazoezi ya viungo na akamsifu. Mtoto akaota meno. Shangazi alizizoea saa za mdogo wake kama mtu anavyozoea saa za dawa, na katikati ya saa hizo alilala vizuri.

Wifi yake ndiye aliyempa habari ya gari. Alipiga kumsalimia, akamwambia wamelipeleka yadi na limepata mnunuzi siku hiyo hiyo. Sasa wana gari kubwa zaidi, halina vitufe juu ya kioo, lakini si neno, mota na rimoti yake zinaelewana vizuri. Kwenye lile la zamani walikuwa wametoa kila kitu: mwavuli, mto wa mgongo, miwani, hata sarafu zilizoangukia chini ya viti.

"Na vitufe?" Shangazi aliuliza.

"Vitufe vya nini, wifi? Vile si vya gari?"

Shangazi alikaa kitandani. Binti yake alizima jiko bila kuambiwa.

Mnunuzi hakuwa na saa. Alibonyeza alfajiri, akabonyeza adhuhuri, akabonyeza mara nne mfululizo kama mtu anayegonga mlango wa ofisi. Huenda hakujua kitufe kile ni cha nini na alikuwa akijaribu. Huenda ni mtoto wake, aliyepanda kiti cha mbele kuchezea taa. Yadi ilipoulizwa, haikumjua mwenye gari wa sasa; lilikuwa limeshauzwa tena kwa mtu wa mji mwingine. Shangazi aliinua akiwa foleni ya maji, akainua akiwa usingizini, na kila alipoinua, mlango wa gereji ya mdogo wake ulipanda, ukagoma, ukaendelea.

Mdogo wake alipiga simu siku ya tatu. Aliuliza mbona anafungua mlango wao wakiwa wamelala. Alitaka kujua kama anataka waibiwe. Shangazi alimkumbusha ukurasa wa mwisho. Mdogo wake alisema ni kweli, alikuwa amesikia, lakini kulaumiana hakufungi mlango.

Alipiga tena mwisho wa wiki. Shangazi alikuwa amesimama, mtoto yu mgongoni, na binti akaweka simu mezani, sauti nje. Mdogo wake alikuwa na habari njema. Fundi alikuja asubuhi na kufunga komeo la chuma kwa ndani, nene kama kidole. Wanalitoa wao wenyewe wakitaka kutoka, na likiwa mahali pake, hata avute nani, mlango hauvuki kiuno.

Mikono ya Shangazi ilishuka magotini, ikakunja vidole, ikapanda hadi kiunoni. Hapo ikagoma. Viganja havikugeuka. Mishipa ya shingo ilimsimama, na mbeleko ikakaza kifuani.

"Kwa hiyo sasa umepumzika, dada," mdogo wake alisema kutoka mezani. "Unanisikia?"

"Nakusikia," Shangazi alisema. "Ahsante."

Simu ikakatika. Binti alifungua mafundo mawili, akamtoa mtoto mgongoni mwa mama yake, akasogea naye ukutani. Kwa kawaida mikono ilichukua muda wa mlango tu. Sasa ilikuwa bado kiunoni, ikitetemeka, imeshika hewa. Yule mtu garini, popote alipokuwa, alikuwa bado hajaondoa kidole.