Kabati la Joto

Majirani walimwita Profesa Uozo, naye alishazoea. Kazi yake ilikuwa kuozesha vitu. Viwanda vitatu, kila kimoja na nchi yake, vilimtumia vifuko vya kuoteshea miche, vinavyotakiwa kuozea ardhini, avipime. Yeye alivifukia kwenye makopo ya udongo, akayapanga kwenye kabati la joto, na kila Jumatatu akapima kimebaki kiasi gani. Tangu aache taasisi ya utafiti akajiajiri, mkurugenzi alikuwa yeye, karani yeye, mfagiaji yeye. Mteja mmoja akiamka, mwingine ndiyo anapanda kitandani, na simu zao zilimfuata mpaka bafuni. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

Siku hiyo alitoka kwenda posta kuchukua sampuli, akafika getini akakumbuka kitambulisho. Kurudi ndani, akamkuta mama yake, aliyehamia kwake baada ya kuvunjika nyonga, amenyoosha mkongojo anazima swichi ya kabati.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazima, mwanangu. Kila ukitoka unaliacha linanguruma. Nikisikia geti nakuwashia, usije ukajiona msahaulifu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

Miezi mitano. Alikaa sakafuni. Kabati lile halikutakiwa kupoa hata saa moja. Vipimo vyote vya miezi mitano vilikuwa bure.

"Nimekuharibia?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Tutarekebisha."

Angeweza kunyamaza. Hapakuwa na bosi wa kumkagua, na wateja walikuwa wameridhika na namba zake. Alijimiminia chai, ikapoa bila kuguswa. Kisha akaingia chumba cha kazi na kupiga simu.

Mteja wa kwanza alimsikiliza, akasema mkataba umeishia hapo, akakata. Wa pili aliguna. "Kwangu paka alilalia mizani wiki nzima. Anza upya, dada." Wa tatu hakupokea, ikabidi yeye amwandikie barua, akaeleza yote isipokuwa ni nani aliyezima. Kosa ni langu, aliandika, na hakuwa anadanganya: hakuwahi kumweleza mama yake lile kabati ni la nini. Alikuwa akipita tu na makopo yake, salamu mdomoni, akili nchi nyingine. Huyo wa tatu hajajibu mpaka leo.

Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

"Nimesikia," mama alisema. "Mbona uliniambia hapana?"

"Ningekuambiaje?"

Mama akavuta kiti, akakaa taratibu. "Nieleze basi hilo dubwana linafanya nini. Pole pole, nami nielewe."

Akaeleza. Mara mbili alipotewa na neno kwa uchovu, na mama akangoja. Walipomaliza, mama alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Nenda kalale."

"Mteja akipiga?"

"Nitamwambia umelala. Kwani wao hawalali?"

Alijitupa kitandani mchana kweupe, viatu miguuni, na kabla hajakumbuka kuvivua usingizi ukamchukua.