Isale Nililolipeleka Mapema

1.
Nilisikia mashineni, mahindi yangu yakiwa bado kwenye foleni: breki alizotengeneza Aikande hazishiki. Zimemtupa Msifuni, anayewaongoza wageni, kwenye migomba, mkono umevunjika.

Aikande ni binti yangu. Ndiye fundi wa baiskeli zinazowateremsha wageni mlimani.

2.
"Mama Aikande, eti mwanao anautoa upepo kwenye breki au anautia?"

"Mwache, shoga. Mwenzio kasomea kwenye simu!"

Walicheka wenzangu wa foleni. Na mimi nikacheka kidogo.

3.
TANGAZO
Wanachama wa Kikundi cha Baiskeli mnajulishwa kuwa fundi Aikande amesimamishwa kazi hadi kikao cha Jumamosi. Aidha, baiskeli iliyoanguka ibaki kwake, ailete kikaoni.

4.
Wewe unayesoma, kama si wa huku kwetu Uchagani: isale ni jani. Ukilifunga fundo ukalipeleka kwa uliyemkosea, hakunyimi msamaha. Ila ukishalipeleka, umekubali kosa.

Nililikata. Nikalipeleka kwa mama yake Msifuni. Nikasema, "Msameheni mwanangu, breki zilimshinda."

Mwanangu sikumwuliza.

5.
(Aikande, uani, baiskeli kaigeuza juu chini)

"Mama, breki hizi hazina waya. Zina mafuta ndani ya mpira. Upepo ukiingia, ukibana, mkono wa breki unabonyea mpaka unagusa usukani. Kwa hiyo nasukuma mafuta mapya kwa bomba la sindano kutoka chini, mapovu yanatokea juu, mpaka yaishe. Halafu naiweka sawa, pedi, hivi vibao vya kubana, zisikwaruze diski. Haya, bana."

Nikabana. Mgumu kama jiwe.

"Upepo uko wapi?"

Akachomoa pedi. Akanusa. Akaninusisha.

"Zinanuka nini, mama?"

6.




Chapati.




7.
Asubuhi ile, kabla Msifuni hajaanguka, niliiona ile sahani ya chuma kwenye gurudumu, diski yenyewe, ina kutu. Panga langu likishika kutu nalipaka mafuta ya kula, nalifuta kwa kitambaa, linakaa vizuri. Wageni walikuwa njiani. Nikaona mwanangu ataonekana mchafu, watu watasema...

Nikaipaka. Nikaisugua mpaka ikang'aa.

8.
"Waambie wewe," alisema. Hakunitazama. "Nikisema mimi, wataona namsingizia mama yangu mzazi. Isale limeshasema ni mimi."

9.
MAMBO YA KUEPUKA

Usipake mafuta diski ya breki, hata ikiwa na kutu.

Usiiguse kwa mkono uliotoka jikoni.

Pedi ikilowa mafuta inateleza, haishiki; usiifute ukairudisha. Tupa.

Usibane breki gurudumu likiwa limetolewa.

Usicheke mwanao anapochekwa.

Usimwombee msamaha kabla hujamwuliza.

Usikate isale la pili, la kumpelekea mwanao, ukaliegesha nyuma ya mlango, likaanza kunyauka kama hili langu, na Jumamosi ni kesho.