Mguu Usiochechemea

Msimu wa mpunga ukifika, hapa Kibaoni hakuna mwanamke mwenye vidole vya miguu vya kutazamika. Tunashinda ndani ya majaruba, ngozi katikati ya vidole inakuwa nyeupe, inachanika, inanuka. Jioni tunakaa tunajikuna na kuchekana. Ndiyo maana kidole cha mwisho cha jirani yangu Pudensiana kilipoanza kuoza, hakuna aliyeshtuka. Tulisema ni fangasi wa maji, kama sisi wote.

Mume wake, Masunga, ndiye fundi wa kwato wa eneo hili. Alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na ng'ombe wa mtu yeyote akioza kwato anapelekwa kwake. Anaosha, anakwangua uozo kwa kisu, anamwagia maji ya mrututu, ile dawa ya buluu inayochoma, kisha anamtembeza. Akichechemea, dawa inarudiwa. Akitembea sawa, amepona. Sijawahi kumwona akikosea, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujiona akikosea, hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Basi akamtibu mke wake vilevile. Mimi aliwahi kunitia mrututu huo kwenye vidole, nikaruka hadi nikamwaga beseni. Pudensiana alikaa kwenye kigoda akipeta mchele huku kisu kikipita kwenye nyama, akaniuliza kama kuku wangu ameshatotoa. Masunga akamtazama kwa fahari, akaniambia nijifunze ujasiri. Kisha akamtembeza uani. Hakuchechemea hata kidogo, akamruhusu arudi shambani.

Siku moja tulikuwa tunatoka jarubani, yeye mbele, mimi nyuma, nikaona damu njiani. Nikamsimamisha. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na kuzama unyayoni, naye alikuwa akitembea nao huku ananisimulia habari za harusi ya mpwa wake. Nikamkokota hadi kituo cha afya bila kumsubiri Masunga, ambaye alitukuta huko amenuna.

Daktari Abednego alimwambia Pudensiana afumbe macho. Akapitisha kipande cha pamba kwenye unyayo wake, kuanzia vidoleni hadi kisigino. Akarudia kwa ncha ya kalamu, akikandamiza.

"Daktari, mbona huanzi?" Pudensiana akauliza, macho bado ameyafumba.

Masunga akatafuta benchi, akakaa. Walimpima damu, wakakuta sukari imepanda sana. Abednego akaeleza taratibu kwamba fangasi wa jarubani huwasha, na mwenye nao hujikuna mpaka akome. Mguu unaooza kimya ni habari nyingine.

"Baba, ng'ombe wako akipona, maumivu yanaisha," akasema. "Huyu mama hajapona. Sukari imeua maumivu, mguu ukabaki bila mlinzi."

Hospitalini Mpanda walimkata mguu chini ya goti. Masunga alirudi mtu mwingine. Wenye ng'ombe wanakuja, anawafukuza. Ameagizwa aukague mguu uliobaki kila asubuhi kwa pamba, kama alivyofanya daktari, na anaukagua, mzee yule aliyezoea kupigana na madume ya ng'ombe sasa anashika pamba kama inaweza kuvunjika. Pudensiana naye aliniambia, tukiwa wawili, kwamba mguu huu hampi mtu aukate. Afadhali azikwe nao. Nilimgombeza sana.

Jana asubuhi nilipita kuwasalimia. Pudensiana alikuwa kwenye kigoda, amefumba macho. Masunga alikuwa amepiga magoti mbele yake, mguu ameuweka juu ya paja.

"Unasikia, mama Luhende?" akamuuliza mkewe.

"Nasikia."

Pamba ilikuwa bado mkononi mwa Masunga. Alikuwa hajaigusisha unyayoni. Akainua uso akaniangalia.